Uzoefu wangu na sertralini: dawa sina neno nayo, daktari ndo shida

Nianze na hili, sertralini ni dawa ya sonona, na inafanya kazi, sitaki mtu asome hapa halafu akamwage vidonge vyake chooni. Kabla yake nilikua siogi, simu inaita naiangalia tu mpaka ikate, sa hivi naamka nafanya shughuli zangu. Kwa hilo naipa nyota tano. Hasira zangu ziko kwengine.

Nilianzishiwa miligramu 50. Mwanzoni kichefuchefu kilikua hakina adabu, nikipiga mswaki tu natapika, ila nilipoanza kumeza nikishakula kikaisha taratibu. Usingizi ulikata, nikahamishia kidonge asubuhi ukarudi. Mdomo kukauka, miayo mchana kutwa, sawa, hayo ni maudhi madogo madogo na yamepita.

Yaliyonimaliza ni jasho la usiku, yaani naamka nabadili mpaka shuka, na hamu ya tendo la ndoa kupotea. Sio kupungua, kupotea! Hata nikijilazimisha mwili haufiki popote, mume wangu anauliza kuna nini sina jibu, na miezi inakatika. Nikajikaza nikaenda kwa daktari, na kusema jambo kama hilo mbele ya mwanaume usiemjua sio mchezo, nililiandika kabisa kwenye kikaratasi maana nilijua nitababaika. Nikamsomea. Yule bwana hakuinua kichwa, anaandika tu kwenye faili, simu yake ikawaka akaigeuza, akaendelea kuandika, halafu ndo ananiambia, "Mama, kwani unataka kupona au unataka hayo mambo? Vumilia, utazoea." Akaniandikia ile ile, akaita anaefuata na mimi bado nimekaa pale kwenye kiti!

Nizoee nini? Kichefuchefu sawa, mwili unazoea ndani ya wiki chache. Ila hili la hamu kwa wengi haliishi kwa kusubiri, mara nyingi mpaka dozi iguswe au dawa ibadilishwe, na linajulikana sana kwenye hizi dawa za kundi la SSRI, yaani dawa za sonona za jamii ya sertralini, daktari hawezi kusema hajawahi kulisikia. Watu wanaziacha kimya kimya kwa ajili ya hilo, wanakata ghafla, kinafuata kizunguzungu, kichwani kama wanapigwa shoti ya umeme, machozi ya bure, wanadhani sonona imerudi kumbe dawa imekatwa vibaya. Inatakiwa ipunguzwe kidogo kidogo na mtu anayejua. Aliniambia hata hilo? Hakuniambia, na mimi siku ile nilitoka mle ndani nimeshaamua simezi tena.

Aliyeniokoa ni mfamasia. Aliniona nimesimama dirishani cheti nakishika tu sikitoi, akanivuta pembeni watu wasisikie, "Dada yangu, kuna kitu kwenye hii dawa kinakusumbua?" Nikamwambia vyote. Hakucheka wala hakushangaa, akageuza cheti akaniandikia nyuma maswali ya kwenda nayo kwa daktari mwingine, dozi inaweza kushuka? Kuna dawa isiyogusa sana hamu, mfano bupropioni au mirtazapini? Akaniambia mirtazapini inaleta usingizi na njaa, wengine wananenepa, ili nikichagua niwe najua. Akauliza natumia nini nikiumwa kichwa, nikasema ibuprofeni, akasema ukichanganya na hii ni rahisi zaidi tumbo kutoka damu, bora parasetamoli. Swali dogo hilo, na daktari wangu hajawahi kuniuliza hata siku moja!

Huyo daktari mwingine amenishushia dozi na kaniambia nirudi aone. Jasho limepungua sana, hamu inarudi kidogo kidogo, sio yote. Kwahiyo zile nyota tano sijui, nikikumbuka miezi ile ndani ya nyumba yangu nashusha hadi tatu, nikikumbuka nilivyokua sinyanyuki kitandani napandisha nne, acha iwe nne. Na wewe inayokusumbua usiache mwenyewe, andika kikaratasi chako nenda nacho, ukiambiwa utazoea uliza mpaka lini na nisipozoea tunafanya nini.

Yule daktari wa kwanza simpi hata moja, na faili langu nimeshalihamisha.