Uzoefu wangu: Kutafuta ukabaila wa akina Balogh huko Hungaria

Niseme mapema: pesa zilizopotea katika habari hii hazikuwa zangu, zilikuwa za baba mkwe. Aliagiza mtandaoni "nembo ya ukoo wa Balogh". Ikaja ndani ya fremu ya mbao, simba ameshika upanga, pamoja na cheti chenye lakiri nyekundu kinachothibitisha kwamba akina Balogh ni makabaila tangu enzi za wafalme. Kampuni iliyomuuzia siitaji. Mzee aliamini kila neno, akaitundika ukumbini. Na kwa kuwa katika familia ile mimi ndiye ninayeweza kukaa mbele ya kompyuta mpaka usiku wa manane, kazi ya kutafuta "historia iliyobaki" ikaniangukia.

Mimi ni Mtanzania. Nilikuja Budapest kwa ufadhili wa Stipendium Hungaricum, nikasoma, nikaolewa, nikabaki. Kihungaria nakimudu, Kilatini sina hata neno, na hilo litakuja kuwa na maana huko mbele. Tathmini yangu kwa wenye haraka: vitu vya bure vilinifikisha mbali kuliko vya kulipia, ila kuna mahali pamoja ambapo pesa ilistahili kutoka.

Kwanza lile simba. Nembo Hungaria haikutolewa kwa jina la ukoo. Mfalme alimpa mtu fulani, kwa hati inayoitwa címeres levél, na hati hiyo ilitaja mke wake, watoto wake, pengine na ndugu zake waliopata heshima hiyo pamoja naye. Halafu ilibidi isomwe hadharani kwenye mkutano wa kaunti ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo nembo ni ya huyo mtu na kizazi chake, basi. Balogh mwingine wa kijiji cha pili, hata wa nyumba ya pili, haimhusu. Na akina Balogh ni wengi mno, kwa sababu jina lenyewe lilianza kama la utani: mtu anayetumia shoto. Wengine walilipata kutokana na mahali, maana kuna vijiji vyenye jina la Balog. Watu wenye shoto wamezaliwa kila mkoa bila kuwa na undugu wowote. Aliyemuuzia mzee cheti kile alichukua nembo ya Balogh mmojawapo mwenye hati, akaiuza kwa Balogh yeyote mwenye kadi ya benki.

Hoja kubwa ya baba mkwe ilikuwa ile herufi "h" ya mwisho. Kwa tahajia ya leo ingekuwa Balog tu, na yeye anaona "gh" ni dalili ya damu ya juu, sawa na "th" ya Horváth, "cz" ya Rácz na "y" ya Széchenyi. Imani hii imeenea hapa hata kwa watu waliosoma. Ukweli ni kwamba tahajia za kale zilibaki kwenye majina ya kila aina ya watu. Horváth maana yake ni Mkroatia, Németh ni Mjerumani, Tóth lilikuwa jina la Waslavi, hasa Waslovakia, na kila moja lina wakulima, mafundi viatu na makabaila ndani yake.

Hiyo "y" ina kisa chake. Mwishoni mwa jina la mahali, "i" huonyesha mtu ametoka wapi: Debreceni ni wa Debrecen, Szegedi ni wa Szeged. Kwetu pwani hili halihitaji maelezo marefu, anayemjua Mshirazi anaelewa nisba inavyofanya kazi. Makabaila wengi waliiandika kwa "y", lakini si wao peke yao, kwa hiyo peke yake haithibitishi kitu. Kinachosaidia zaidi ni kile wanachokiita előnév, nisba ya pili inayotangulia jina na kutaja ardhi ya ukoo, na siku hizi huandikwa kwa herufi ndogo. Wasomaji wa Kenya wanalijua Bonde la Teleki kule Mlima Kenya. Huyo ni gróf széki Teleki Sámuel, aliyefika Ziwa Turkana mwaka 1888 pamoja na mwenzake wa safari von Höhnel na mamia ya wapagazi kutoka pwani yetu, akalibandika jina la Rudolf, mrithi wa kiti cha Austria na Hungaria. "Gróf" ni cheo, "széki" maana yake wa Szék, ndipo inakuja Teleki, na Sámuel aliyopewa na wazazi ndiyo ya mwisho kwa sababu Wahungaria hutanguliza jina la ukoo. Balogh mwenye nisba ya ardhi unaweza kumfuatilia. Balogh mtupu ni mtihani.

Tahadhari nyingine ninayompa kila anayeniuliza: jina la Kihungaria lisikudanganye kwamba ukoo umelibeba karne nyingi. Mshairi wao mkuu, Petőfi, alizaliwa Petrovics. Puskás, yule wa Real Madrid, alizaliwa Purczeld, na familia yake ilibadilisha jina akiwa bado mtoto, mwaka 1937. Mwaka 1881 ada ya kubadilisha jina ilishushwa kutoka forinti 5 hadi kraisa 50, yaani nusu forinti, na serikali ikawa inahimiza, hivyo Wajerumani, Waslovakia na Wayahudi wengi wakajisajili kwa majina mapya. Wayahudi tayari walikuwa wamelazimishwa kuchukua majina ya Kijerumani kwa amri ya Mfalme Joseph II ya mwaka 1787. Kuna koo zilizobadilishwa majina mara mbili ndani ya miaka mia na kidogo.

Sasa vyombo vyenyewe. Nilianzia FamilySearch, tovuti ya Wamormoni. Ni ya bure, unafungua akaunti tu. Walizipiga picha rejesta za makanisa ya Hungaria kwa wingi, na zile za serikali pia. Usajili wa serikali wa kuzaliwa, ndoa na vifo ulianza tarehe 1 Oktoba 1895. Kabla ya hapo ni vitabu vya ubatizo vya kila dhehebu, na kuanzia 1828 nakala ya pili ilipelekwa kwenye kaunti, jambo lililookoa vijiji ambavyo vitabu vya parokia vilipotea. Sehemu kubwa haina faharasa ya majina. Unafungua kurasa moja moja kwa jicho. Ubaya wa tovuti ni kwamba kijiji kinaweza kuwa chini ya parokia ya jirani usiyoifikiria, na picha nyingine zinafunguka tu ukiwa kwenye kituo chao. Uzuri, na huu ni mkubwa, ni kwamba mama hatajwi kwa jina la mume peke yake. Mtaani mke wa Balogh János huitwa Balogh Jánosné, jina lake mwenyewe likimezwa lote, lakini rejesta za karne ya 19 mara nyingi zimeweka jina lake la kuzaliwa. Mpaka leo kila fomu ya hapa inakuuliza jina la kuzaliwa la mama yako. Nilipokuwa naomba kibali cha ukaazi lilinichosha, baadaye nikashukuru.

Wazee wa mume wangu walitoka Gömör, kaunti ya zamani ambayo baada ya mkataba wa Trianon wa 1920, uliochora upya mipaka ya Hungaria baada ya Vita Kuu ya Kwanza, sehemu yake kubwa ilikwenda upande ambao leo ni Slovakia. Hapo wengi hukwama: kijiji kimebadili jina na nchi. Nagybalog ya zamani leo ni Veľký Blh, Rimaszombat ni Rimavská Sobota. Ukitafuta chini ya Hungaria hupati kitu, ukihamia mkusanyiko wa Slovakia vitabu vimo. Andika majina yote mawili kwenye daftari lako kabla hujaanza.

Kisha Kilatini kikanishinda. Mapadri wa karne ya 18 waliandika kwa mkato na kwa mwandiko wa mtu anayekimbilia chakula. Hapa ndipo tulipomlipa mtafiti wa nasaba, mwanamke aliyefanya kazi miaka mingi na nyaraka za kaunti, anayelipwa kwa saa. Nampa alama zote. Kabla ya kupokea pesa alimwuliza baba mkwe swali moja: je, nikikuta ni watwana nikuletee hivyo hivyo? Mzee akacheka, akasema ndiyo. Ripoti yake kila sentensi ilikuwa na picha ya ukurasa, na pale asipokuwa na uhakika aliandika hana uhakika. Alichelewa kuliko alivyoahidi, hilo nalo nalisema.

Mimi huku nikapekua Libri Regii, yaani Vitabu vya Mfalme, vya kuanzia 1527 hadi 1918. Viko kwenye tovuti ya Hungaricana bila malipo, na humo ndimo ofisi ya mfalme ilimonakili hati za ukabaila, vyeo na nembo. Vya Transilvania viko peke yake, usivichanganye. Unaandika jina, zinakuja hati, nyingine na nembo yake ya rangi. Kwa Balogh zilinijia nyingi, nami nikaelewa simba la ukumbini linavyotengenezwa. Pia nilitumia juzuu 11 za Kempelen Béla kuhusu familia za makabaila, zilizotoka kati ya 1911 na 1932. Ni nzuri kwa kujua pa kuanzia. Kukuta jina lako humo si ushahidi wa kitu.

Matokeo? Akina Balogh wetu, kadiri vitabu vinavyorudi nyuma, wameandikwa colonus, mtwana mwenye kipande cha shamba la mwinyi. Lakini bibi yake baba mkwe kuumeni, aliyeolewa akitokea kwa akina Nagy, jina la kawaida kabisa lenye maana ya "mkubwa", babu zake wana alama ya "nob.", kifupi cha nobilis, kabaila kwa Kilatini, mbele ya majina yao, kizazi baada ya kizazi. Hao ndio waliokuwa makabaila. Usidhani walikuwa na kasri. Mwishoni mwa karne ya 18 karibu mtu mmoja kati ya ishirini Hungaria alikuwa kabaila, na wengi wao walilima kwa mikono yao. Wahungaria wenyewe wana utani juu yao: kabaila wa bocskor, mvaa makubazi ya ngozi badala ya buti, au kabaila wa miti saba ya plamu, maana hiyo ndiyo mali yote aliyonayo. Walichozidi kwa jirani ni haki: hakuna mwinyi aliyeweza kuwatia shokoa. Haki hizo zilifutwa mwaka 1848, vyeo navyo vikafutwa na sheria ya 1947.

Na ukabaila ulirithiwa kwa baba. Kwa hiyo hata hao akina Nagy hawampi mzee kitu. Nilimweleza taratibu. Alinyamaza kidogo, akauliza: "Kwa hiyo mama yake baba yangu alishuka kuolewa kwetu?" Mama mkwe akajibu kutoka jikoni kwamba alimpenda tu, basi.

Kuhusu vipimo vya DNA, mwana wao mmoja alitaka wote wapime. Nilikataa kuchangia. Vinaweza kukuletea binamu aliye Cleveland, ila mate hayaonyeshi nani alipewa hati na mfalme.

Sasa hivi mtafiti anafuatilia akina Nagy kwenye orodha ya makabaila iliyokusanywa nchi nzima mwaka 1754 na 1755, ambayo Illéssy János aliichapisha 1902. Akina Nagy humo wamejaa, na bila nisba ya ardhi hatujui yupi ni wetu. Jibu huenda liko kwenye mafaili ya mahakama ya kaunti ya zamani, na hayo yanataka mtu aende mwenyewe. Saa zake mzee ameshalipia. Ile fremu bado iko ukumbini, anasema mbao yake ni nzuri.