Kituo cha wazee Goba: nyota nne, moja nimeibakiza

Majirani zetu Yombo walisema tumemtupa mzee. Wangeliona daftari la kituo wangenyamaza. Kila mmoja wetu kwenye familia jina lake limo, na mbele yake siku ya zamu: kaka Jumapili, mimi katikati ya wiki, shangazi Ijumaa baada ya swala. Usipofika na simu hujapiga, msimamizi anakupigia yeye, tena hana haya. Kwa hilo tu ningempa nyota tatu.

Kabla ya kumpokea baba walituhoji mpaka kaka akaanza kuangalia saa. Nyumbani anaitwaje? Chai yake na tangawizi au bila? Usiku anaamka? Anaamka, ndiyo. Baba alikuwa dereva wa treni TAZARA, na sasa kumbukumbu zinamchanganya. Saa nane usiku anatafuta viatu, eti zamu imefika. Kaka aliwaeleza hayo. Basi dada wa usiku habishani naye wala hafungi mlango. Anakaa pembeni ya kitanda, anamuuliza treni imefika wapi. Baba anataja Kisaki, Ifakara, Mlimba, na mara nyingi Makambako haifikiki, ameshalala.

Mwenzake wa chumbani amepooza. Wanamgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na mgongo wake hauna kidonda. Najua kwa kuwa nachungulia. Mimi ni mtu wa kuchungulia.

Kliniki hawaendi bila ndugu. Muuguzi anabeba kadi ya presha na sukari, sisi tunapanga foleni dirisha la wazee, na daktari akiuliza ya zamani, mwenye majibu yupo.

Nyota niliyobakiza: wali maharage umezidi, na mwisho wa wageni ni saa kumi na moja jioni. Sisi wa Kariakoo tufunge duka saa ngapi, tuvuke foleni ya magari tufike Goba? Nimelisema, wanasema watalifikiria. Pampasi na dawa pia hazimo kwenye ada, ulizeni kabla ya kusaini.

Mkitaka kukikagua, msiende siku ya wageni, siku hiyo kila mzee kapakwa mafuta. Nendeni saa moja asubuhi bila taarifa, muone nani ameshaogeshwa na nani bado anaita.