Bima ya boti ya matembezi: niliyoiacha na niliyobaki nayo

Boti yangu ni ya faiba, ya futi 23, yenye mashine mbili za farasi 40, na kazi yake ni kunipeleka mimi na familia yangu visiwa vya Bongoyo au Mbudya siku za mapumziko. Inalala kwenye boya katika ghuba ya Msasani, Dar es Salaam. Kwa miaka sita nimeikatia bima katika kampuni mbili tofauti, miaka mitatu kila moja, na nimeona nieleze huduma niliyoipata kwa mwenye boti ambaye sasa yuko katika kuchagua. Kampuni zenyewe sizitaji, kwa kuwa masharti hubadilika kila mwaka na la maana zaidi ni maswali ya kuuliza kabla ya kutia saini.

Kampuni ya kwanza niliichagua kwa sababu ndiyo iliyokuwa na bima ya gari langu. Wakala wao alijaza fomu ya ukurasa mmoja, akauliza thamani ya boti, mwaka wa kutengenezwa na namba za mashine, akapiga picha mbili kwa simu, na kesho yake hati ilikuwa mkononi mwangu. Ada yao ilikuwa ndogo kuliko zote nilizoulizia. Hakuna aliyefika ufukweni, wala hakuna aliyeniuliza boti inalala wapi.

Ubovu wa bima ile ulionekana mwezi wa Januari, mwaka wake wa tatu. Wanaoijua Msasani wanajua kwamba ghuba ile imekingwa na rasi, hivyo kusi likivuma Juni na Julai maji ya ndani hutulia, lakini mdomo wake umeelekea kaskazini, na kaskazi likishika kasi mawimbi huingia bila kizuizi. Usiku mmoja kamba ilikatika pale ilipokuwa ikisuguana na pingu ya boya, yaani kile chuma cha kuungia. Asubuhi niliikuta boti imepwelewa juu ya miamba, ubavu wa kulia umepasuka kwa urefu wa mkono mzima, na maji ya chumvi yamejaa hadi kwenye betri. Niliwasilisha madai pamoja na picha, taarifa ya polisi na makadirio ya fundi ya shilingi milioni nane. Baada ya wiki saba nilijibiwa kwa barua ya aya mbili kwamba hati haifidii hasara inayotokana na chombo kukatika kamba, kukwama au kuzama kikiwa kimeachwa bila mtu, kimefungwa mbele ya ufuko ulio wazi.

Siku hiyo ndipo nilipokisoma kifungu hicho kwa mara ya kwanza. Baadaye nilifahamu kwamba kampuni haikukibuni: kimo katika masharti ya bima ya boti za starehe yaliyotungwa London mwaka 1985, na kinahusu boti zilizoundwa kwenda kwa kasi inayozidi noti 17 (maili 17 za baharini kwa saa), kiwango ambacho boti ndogo yenye mashine kubwa hukifikia bila taabu. Kwa hiyo sisemi kwamba nilidhulumiwa kinyume cha mkataba. Ninachosema, na uchungu wake bado ninao, ni kwamba walipokea ada yangu miaka mitatu kwa chombo ambacho karibu kila usiku kililala katika hali ambayo hati yao haikuikinga, na swali moja tu la wakala lingetosha kulifichua jambo hilo. Niliambiwa kwamba ningeweza kupeleka lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009, lakini maneno ya hati yalikuwa wazi mno na nikaamua kujilipia matengenezo.

Bima ya pili niliitafuta kupitia dalali. Tofauti yake na wakala ni kubwa, kwani wakala huuza bima ya kampuni anayoiwakilisha, ilhali dalali humfanyia kazi mteja na huweza kumletea mapendekezo ya kampuni kadhaa. Wote wawili wanapaswa kuwa na leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, nami nilihakikisha hilo kabla ya kulipa chochote. Mapendekezo yalikuwa matatu, na nililichukua lililokuwa na maswali mengi kuliko mengine.

Kampuni hiyo ilimtuma mkaguzi, mzee mmoja aliyetaka boti ipandishwe pwani maji yakiwa yamekupwa. Alikuwa na nyundo ndogo yenye kichwa cha plastiki, akagonga faiba polepole kuanzia omo hadi tezi huku ameinamisha sikio, na mlio ulipobadilika karibu na kile kiraka cha zamani cha ufa akaweka alama ya chaki, akaniambia pale fundi hakukausha vizuri kabla ya kuziba. Kisha akaomba kuona mnyororo wa boya, si kwa maelezo, bali uvutwe juu auone. Pingu mbili alizikataa. Kutokana na ripoti yake, hati yangu inataja boya kwa mahali lilipo, na kile kifungu cha ufuko ulio wazi kimeondolewa kwa sharti kwamba kuanzia Desemba hadi Machi nifunge kwa minyororo miwili na ikaguliwe kila mwezi.

Suala la wizi nalo lilielezwa kwa Kiswahili kinachoeleweka: mashine ikiibwa watalipa endapo ilikuwa na kufuli la ziada mbali na vifungio vyake vya kawaida, na ikidondoka yenyewe baharini hawalipi. Thamani tulikubaliana mapema na kuiandika. Hati ya kwanza haikuwa hivyo, na hapo pana mtego kwa wengi, kwa sababu boti yenye thamani ya milioni 40 ikikatiwa bima ya milioni 30, hasara ya milioni nane hulipwa milioni sita tu, yaani robo tatu, kama bima ilivyo robo tatu ya thamani.

Ada yao ni karibu mara mbili ya ile ya zamani, na sioni kwamba ni nyingi. Kasoro zipo. Majibu ya barua pepe huchelewa, abiria wa kulipa hawaruhusiwi hata mara moja, na mipaka ya safari ilikuwa finyu, kutoka Bagamoyo hadi Kimbiji. Mwaka jana niliomba niruhusiwe kuvuka hadi Unguja. Walijibu kwa maandishi baada ya siku kumi: nivuke mchana, niwe na redio ya baharini inayofanya kazi, cheti cha ukaguzi cha TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, kiwe hai, na niwajulishe kabla ya kung'oa nanga. Nimeshavuka mara mbili kwa masharti hayo, na barua yenyewe huibeba ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na hati za chombo.