Vanishi ya boti kwenye stendi ya tangi la samaki, miezi nane baadaye

Hii ni ya wale mnafuga samaki kwa nyumba na mnajua vile maji hayana adabu. Stendi yangu ya kwanza ilikuwa ya MDF, zile mbao za unga wa mbao uliogandishwa na gundi, fundi akaniambia imepigwa rangi ya kutosha haiwezi sumbua, aki miezi minne tu chini kukaanza kufura kama mandazi, ukifinya ukucha unaingia. Na tangi ni la futi 3, maji peke yake karibu kilo 150, hapo hujaweka kioo na changarawe. Usiku nilikuwa nalala sikio moja liko sitting room.

Ya pili nilitengenezewa soko la Kibuye, Kisumu, saiprasi kavu, nikaibeba ikiwa uchi nikasema kupaka nitapaka mimi. Nikanunua vanishi ya boti, ile ya mafuta, lita moja ikanitoka elfu na kitu.

Kazi yake ni nzuri, lakini itakuangusha ukipaka tu pale macho yanaona. Mbao hainywi maji sana ubavuni, inanywa pale ilipokatwa na msumeno, kwa vichwa na chini ya miguu, na hapo ndo mafundi wengi hawapitishi brashi. Mimi koti ya kwanza niliilegeza kidogo na white spirit, ile ya kupunguza uzito wa rangi, iingie ndani, nikapiga msasa namba 220 kati ya koti na koti, nikafuta vumbi, jumla koti tatu. Vichwa nikavipa tano, juu vilikuwa vinameza tu. Miguu nayo nilitia vanishi kwa vifuniko vya mikebe nikaisimamisha humo usiku mzima, juu sakafu yangu ni simiti na mtu wa kupiga deki kwetu humwaga maji kama anaosha gari.

Sasa shida zake. Mkebe unakwambia kesho yake unapaka tena, lakini mimi nilipaka Aprili, na Kisumu Aprili hewa yenyewe imelowa, koti ya pili ilikaa siku mbili bado inanata. Ngoja Januari kama unaweza. Harufu nayo ni kali, usipakie chumba kimoja na samaki, ile pampu ya hewa inavuta harufu yote inaisukuma kwa maji. Nilipakia kwa veranda, ikaisha kukauka nikaiacha wiki mbili nzima kabla ya kuweka tangi, mama watoto akauliza kama hiyo meza ni ya maonyesho. Pia inageuza mbao manjano, ukitaka rangi yake ya asili hii si yako.

Leo ni miezi nane tangu nipake. Maji nabadilisha kila Jumamosi na ndoo, yanamwagika, yanasimama juu kama matone kwa jani la nduma, nafuta basi. Kuna pahali pamoja tu pamebadilika rangi, nyuma, mpira wa pampu ulikuwa unateremsha maji polepole na sikuona, nikaukunja ukaning'inia chini kwanza ndo matone yaangukie sakafu badala ya mbao. Hapo nilikwangua na msasa nikapaka tena, dakika kumi.

Naipa 4 kwa 5, moja nimekata sababu ya kunata. Mkebe umebaki robo na nimeanza kuangalia mlango wa bafu.