Kompresa (pampu ya upepo wa tairi) ya kufungwa garini au ya kubeba?
Anayetoka Goma kuelekea Masisi, mashariki mwa Kongo, hupunguza upepo wa tairi ili zishike vizuri kwenye tope, kisha hulazimika kuzijaza tena kabla ya kuongeza mwendo, kwani tairi laini ikikimbizwa hupata joto na kuweza kupasuka. Kompresa iliyofungwa chini ya boneti huwa tayari daima, na ikiwa na tangi la upepo hujaza haraka, ingawa huchukua nafasi na huhitaji fundi mwangalifu wa nyaya. Ya kubeba huunganishwa na betri, injini ikiwaka, na huweza kumsaidia hata jirani ambaye tairi yake imetobolewa na mawe ya lava ya volkano ya Nyiragongo, ikishazibwa. Lakini nyingi hupata joto upesi na kuhitaji kupumzishwa. Kwa mwenye magari mawili ningechagua hii ya kubeba, mradi mpira wake wa kupitisha upepo ufike tairi za nyuma.