Kliniki ya macho: vipimo safi, maelezo hakuna

Nilikwenda kwa ajili ya glakoma, ugonjwa unaoharibu neva ya jicho na kula uoni taratibu. Kwenye vipimo sina neno. Presha ya jicho walipima taratibu, neva ya jicho wakaitazama, na kile kipimo cha uoni wa pembeni, cha kubonyeza kitufe kila unapoona kidoa cha mwanga, hakuna aliyekiharakisha. Kilichonichefua ni nesi wa mwisho. Chupa mbili za matone ya macho mezani: "Latanoprost usiku, timolol asubuhi na jioni. Anayefuata!" Nikamuuliza, yanawekwaje? "Kama matone mengine tu, mama."

Kama mengine tu! Timolol hapewi mtu mwenye pumu, na habari ya pumu hakuna aliyeiuliza, tangu mapokezi mpaka dirishani. Halafu glakoma kwa wengi haiumi, na matone hayarudishi uoni uliokwisha potea, yanalinda uliobaki. Mgonjwa asipoambiwa hivyo, chupa ya kwanza ikiisha na haoni nafuu yoyote, anaacha dawa. Anakuja kushtuka uoni wa pembeni umeshaliwa.

Kuweka kwenyewe kuna utaratibu. Nawa mikono, inua uso, vuta kope la chini mpaka pafanyike kimfuko, dondosha tone moja, ncha ya chupa isiguse popote. Fumba jicho bila kupepesa, bonyeza kona ya jicho upande wa puani kwa dakika moja au mbili, la sivyo dawa inateremka puani na kooni na kuingia kwenye damu. Saa za dawa zikigongana, subiri dakika tano kabla ya chupa ya pili, maana tone la pili huliosha la kwanza. Latanoprost ya kawaida hukaa kwenye friji kabla ya kufunguliwa. Ukishafungua, andika tarehe kwenye chupa, wiki nne zikipita itupe hata kama imebaki. Maelezo yote haya hayafiki dakika tano. Nyota moja, tena kwa huruma.

Ila safari ya marudio alikuwepo nesi mwingine. Huyu anakuwekesha tone mbele yake kwa chupa ya machozi ya bandia, anakusahihisha mkono, na hakuachii mpaka umeahidi kuwaleta ndugu na watoto wakapimwe, kwa sababu ugonjwa huu hutembea kwenye ukoo. Wa zamu ile nampa tano.

Basi tuseme tatu. Hapana, mbili: karatasi ya maelekezo wanayo. Wameibandika nyuma ya mlango unaokaa wazi kutwa, maandishi ya sisimizi, kwenye kliniki ya wasioona vizuri.