Kambi ya vipimo ya NBA, Chicago: futi kamba inasema nusu tu

Kwa vipimo vya mwili, kambi hii ya wachezaji wanaosubiri kuchaguliwa na timu za NBA (ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani), inayofanyika kwa kawaida mwezi Mei, ni ya kuaminika: urefu bila viatu, upana wa mikono, mruko, mbio za robo tatu ya uwanja. Vyuo wanakotoka wachezaji hutia chumvi kwenye urefu. Hapa inchi moja au mbili huyeyuka.

Mitupo ndiyo inayodanganya, maana hakuna beki usoni. Afadhali uangalie mitupo huru (ile ya adhabu, isiyozuiwa) ya msimu mzima: aliye chini ya asilimia 70 mtilie shaka, hata kama pointi tatu zake zinaingia.

Nguvu nazo? Mwaka 2007 Kevin Durant, ambaye baadaye akawa nyota, hakuinua chuma cha kilo 84 hata mara moja. Bado timu zilipochagua wachezaji wapya, akachukuliwa wa pili. Mwaka 2009 wa pili alikuwa Hasheem Thabeet wetu wa Tanzania, kwa sababu ya urefu wake. Stephen Curry, bingwa wa mitupo ya pointi tatu, alisubiri hadi wa saba.